Tisa au Tisini

Shuleni pale mimi naitwa Mama Chupa, na jina hilo sikulitafuta. Kwa miaka kumi na saba nimeosha vyombo vya maabara, nimevipanga, nimegombana na watoto wa watu kwa ajili yake. Ukivunja bureti yangu utanijua. Bureti ni lile bomba refu la kioo lenye koki chini, la kudondoshea asidi tone kwa tone, na kila mwaka anatokea mtoto mmoja anayedhani ni la kuchezea. Huyo namshika sikio, namwonyesha ufagio ulipo, na mwaka unaofuata ndiye anayenisalimia kwa adabu kuliko wenzake wote.

Elimu yangu ni kidato cha pili. Nasema mapema, asije akatokea mtu wa kunisemea. Niliingia pale kufagia. Mwalimu wa kemia wa wakati huo, mzee mkali ambaye sasa amestaafu, alinikuta nafagia huku nasoma lebo za chupa kwa sauti ya chini, akaniambia weka huo ufagio. Alinifundisha kupima na kuchanganya. Asidi inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi. Hilo alilirudia mpaka nikawa naliota. Akanifundisha na mambo mawili ambayo sijawahi kuyaacha. La kwanza, dawa ya mtihani haichanganywi kwa kichwa. Mwalimu anaandika karatasi, unaitungika kwenye msumari nyuma ya mlango, unafuata kilichoandikwa, na mtihani ukiisha unaichoma isije ikawafungulia njia wa mwakani. La pili, kila ulichochanganya unaweka kidogo kwenye chupa ndogo ya akiba, na unabandika lebo ya vipimo ulivyotia. Kukizuka swali, alisema, chupa itajibu.

Basi mwaka jana chupa ilijibu. Nitafika huko.

Kwanza ujue nilikuwa natafuta nini. Mimi siku zote nilikuwa mtu wa mkataba. Kila Desemba, wenzangu wakiwaza nguo za Krismasi, mimi roho juu, nasubiri Mkuu wa shule anisainie mwaka mmoja mwingine. Mwaka jana bodi ya shule ilikubali kunifikiria ajira ya kudumu. Baada ya miaka kumi na saba, jamani. Kilichobaki kilikuwa kikao cha mwisho wa muhula na neno jema la mkuu wa idara ya sayansi. Mimi nikajionea nimeshafika, kwa sababu mkuu wa idara alikuwa Pipeti.

Pipeti nimempa jina hilo mwenyewe. Alikuja pale kidato cha kwanza, mrefu, mwembamba, kichwa kimekaa juu ya shingo kama ile pipeti ya kunyonyea dawa. Alikuwa wa bweni na kwao ni mbali. Wenzake wakienda nyumbani Krismasi, yeye anabaki anazunguka uwanjani na kitabu. Mwaka wa kwanza nilimwona, nikapita. Mwaka wa pili nikamwambia chukua shati safi twende. Alikula kwangu, akalala sebuleni na wanangu, na toka siku hiyo hajawahi kukosa Krismasi nyumbani kwangu. Akaenda chuo, akarudi. Akaajiriwa pale pale kufundisha kemia, akarudi. Akaoa, bado saa sita ya Krismasi utamwona huyo mlangoni na kopo la biskuti. Ananiita Mama mbele ya watu, hata mbele ya Mkuu, na mimi nilikuwa navimba kichwa nikimsikia. Mdogo wangu ninayeishi naye, fundi cherehani, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ananicheka kwamba wanangu wa kuzaa sijawahi kuwapa paja la kuku bila kelele.

Sasa mitihani ya kufunga mwaka ikaja. Wiki zile shule huwa haina akili. Darasa moja wanaimba nyimbo za Krismasi za siku ya kufunga, la pili wanakariri historia, ofisini karatasi zimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni, na walimu wote wana haraka ya kusahihisha wakapumzike. Pipeti ndiye alikuwa na haraka kuliko wote. Makamu wa mkuu alikuwa anahama, na yeye alikuwa anakitaka kile kiti. Alishika kwaya, alishika ratiba, alishika ukarabati wa choo, ili mradi aonekane kila mahali.

Mtihani wa kemia wa vitendo wa kidato cha tatu ulikuwa Alhamisi. Huo si wa mchezo, ndio unaoamua nani ataendelea na sayansi mwaka unaofuata na nani atahamishiwa masomo mengine. Jumatano mchana Pipeti akanijia mbio, karatasi mkononi, na filimbi ya kwaya shingoni. Nikaisoma. Asidi kali mililita 9, maji mpaka lita 10.

Nikasimama. Kila mwaka kwa lita kumi natia tisini. Nikamwita, alikuwa keshaelekea ukumbini.

"Mwalimu, hii ni tisa au tisini?"

Hakurudi hata kuiangalia. Akajibu huku anatembea: "Mama, fanya kama nilivyoandika."

Utaniuliza kwa nini sikutia tisini nikanyamaza. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nikachoka. Muhula wa kwanza nilirekebisha karatasi ya mwalimu mmoja mgeni, kwa nia njema, kumbe yeye alitaka hivyo hivyo, na Mkuu akaniita akanipasha. Akasema kazi yangu ni kufuata karatasi, kufikiri kuna wenyewe. Na Pipeti alikuwa anapenda kubadilisha mitihani, watoto wasikariri. Nikasema mwanangu amesoma, anajua anachotaka. Nikatia tisa. Nikajaza chupa ya akiba, nikaandika lebo kwa mkono wangu: asidi 9, maji lita 10. Nikaitungika karatasi kwenye msumari. Mkono ulikuwa umelowa, ukaacha doa la maji pembeni, wino ukachujuka kidogo kwenye herufi za kwanza.

Alhamisi asubuhi watoto arobaini na mmoja wakaingia. Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Kwenye chupa yako una dawa yenye rangi ya pinki. Unaidondoshea asidi kutoka kwenye bureti, unatikisa, unadondosha, mpaka tone moja linaiondoa ile pinki yote na unasoma umetumia kiasi gani. Huwa inaondoka ukifika kama katikati ya bureti. Nimesimama kona yangu, nasubiri. Wakafika katikati, pinki ipo. Wakapita. Bureti zikaisha, pinki ipo pale pale inawatazama. Msichana mmoja wa mbele, ambaye huwa hakosi, akajaza bureti ya pili, akaanza kulia bila sauti. Nyuma wengine wakaanza kuandika namba za kubuni. Msimamizi akatoka kumwita Pipeti.

Pipeti aliingia, akaangalia meza ya kwanza, ya pili, halafu akaniangalia mimi. Nilimwona usoni ameelewa. Akasimamisha mtihani, akawatoa watoto nje.

Tulipobaki wawili akaenda nyuma ya mlango, akasoma karatasi yake mwenyewe, akaisoma tena. Nikamhurumia, Mungu ananiona. Nikamwambia mwanangu, ni sifuri moja tu, kila mtu anakosea, kamwambie Mkuu turudie Jumatatu. Akaitikia kwa kichwa. Akasema nimpe ile karatasi akaiweke kwenye faili la mtihani, kwa sababu Mkuu lazima ataiulizia. Karatasi zile hazijawahi kuwekwa kwenye faili hata siku moja, huwa zinachomwa. Hilo nalijua kuliko yeye. Lakini nilichokisikia mimi ni kwamba mtoto anakwenda kukiri na anataka kwenda na ushahidi wake. Nikaichomoa kwenye msumari kwa mkono wangu, nikaikunja vizuri nisiichane, nikampa. Akaitia mfuko wa shati.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mdogo wangu, tena kwa kujisifu, kwamba huyu ndiye mtu niliyemlea, kosa lake analibeba mwenyewe. Mdogo wangu akaendelea kukanyaga cherehani.

Ijumaa wakaniita. Ofisini alikuwapo Mkuu, wajumbe watatu wa bodi, na Pipeti amekaa upande wao. Mezani ilikuwapo chupa yangu ya akiba. Mkuu akanisomea lebo, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza asidi inayotakiwa ni kiasi gani. Nikasema tisini. Sasa kwa nini nilitia tisa? Nikasema nilifuata karatasi, na karatasi anayo Mwalimu, nilimpa jana aweke kwenye faili. Nikageuka kumtazama, nikitegemea mkono uende mfukoni.

Alikuwa anatazama kalamu yake. Akasema, kwa upole kabisa, sauti ile ile anayonisalimia nayo:

"Mama amesahau, Mkuu. Niliandika tisini. Na karatasi zote huwa anazichoma yeye mwenyewe."

Nilisikia masikio yanalia. Ningekuwa nimetukanwa ningejua la kufanya, mimi kutukanana najua. Lakini mtu anakusingizia huku anakuita Mama! Nikamuuliza, mimi nimesahau? Akasema taratibu kwamba si kosa kubwa, ni umri, na kazi za mwezi huu nyingi, na kwamba yeye binafsi ananiheshimu sana. Ananiombea na msamaha, umeona? Mjumbe mmoja, mama mtu mzima kama mimi, akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimekuja kazini siku baada ya siku kwa miaka kumi na saba, na kwa sentensi mbili nimekuwa bibi asiyejua kusoma namba.

Wakanitoa nje, wakaniita tena. Ajira ya kudumu haipo. Mkataba hautaongezwa. Siku ya kufunga shule nikabidhi funguo. Ila, Mkuu akasafisha koo, kuna jambo la kuomba: mtihani utarudiwa Jumatatu na hakuna mwingine anayejua kuchanganya. Walimu wetu wanajua kukokotoa, lakini ukiwawekea dumu na asidi kali wanarudi nyuma hatua tatu.

Mdogo wangu aliposikia alisema wakachanganye na bibi zao. Na mimi nilikusudia hivyo. Jumapili nzima nilikusudia hivyo. Lakini yule msichana wa mbele alikuwa ananijia machoni na bureti yake ya pili. Watoto hawakunikosea. Jumatatu alfajiri nikavaa koti langu jeupe, nikaenda.

Pipeti alikuja na karatasi mpya, na Mkuu nyuma yake, nadhani walihofia nitaharibu kusudi. Alikuwa ameandika 90, na pembeni akaandika tena kwa maneno, tisini, akapiga mstari chini. Nikaichukua. Nikaisoma polepole, kisha nikamuuliza kwa sauti, Mkuu asikie:

"Mwalimu, hii ni tisa au tisini?"

Shingo yake ikalowa jasho. Asubuhi ile, na baridi ile. Akasema tisini, lakini haikutoka vizuri. Mimi nikamgeukia Mkuu, nikamtazama usoni, na nakuapia yule mtu alielewa. Alinitazama mimi, akamtazama Pipeti, akatazama saa yake. Akasema tuharakishe, watoto wanasubiri. Walikuwa wameshapeleka jina la Pipeti juu kwa ajili ya kiti cha makamu, na mimi nilikuwa mwosha chupa.

Nikatia tisini. Watoto wakaingia, na pinki ikaondoka pale inapotakiwa kuondoka, meza hadi meza. Msichana wa mbele akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Baada ya mtihani niliichoma karatasi ile, kama sheria inavyosema.

Siku ya kufunga niliwasikia wanaimba ukumbini wakati mimi nahesabu vyombo. Bureti arobaini na nne, nzima zote. Nikakabidhi funguo kwa mkuu wa idara, ndio utaratibu, akasaini kuzipokea, na mimi nikasaini chini yake. Dakika kumi baadaye nikasikia makofi ukumbini, wametangaza makamu mpya. Nikapitia mlango wa nyuma.

Krismasi sikupika kwa moyo. Mdogo wangu alipanga sahani, akazihesabu, akaondoa moja. Saa sita nikasikia hodi. Ni yeye. Shati jipya, kopo la biskuti kwapani, mke hakuja naye. Mdogo wangu alinyanyuka na mwiko, nikamwambia kaa.

Pipeti hakukaa. Alisimama pale katikati ya sebule alipokuwa analala akiwa mtoto, akatoa bahasha. Ndani ilikuwamo karatasi. Sikuhitaji kuisoma, nililiona tundu la msumari, nikaliona doa la maji na wino uliochujuka. Tisa, peke yake, haina mwenzake. Akasema alishindwa kuichana. Akasema mke ana mimba, nyumba ya makamu ina vyumba vitatu, kosa lile lingemfuata maisha, wakati mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache tu. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile. Akapiga magoti, mtu mrefu vile, na machozi yalikuwa ya kweli, hapo sitamsingizia.

"Nisamehe, Mama. Karatasi ni yako, ifanye unavyotaka."

Nilikuwa nimeishika. Nataka ulikumbuke hilo, nilikuwa nimeishika mkononi. Mdogo wangu ananikonyeza mpaka jicho linataka kutoka. Lakini hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya ajira tena. Nikamwambia:

"Umenisingizia mbele za watu, unakuja kuniomba msamaha sebuleni. Utaniomba pale pale uliponisingizia."

Nikamrudishia. Nikamwambia Januari bodi inakaa wiki ya kufungua shule, aisome yeye, kwa mdomo wake, Mkuu akisikia na yule mama mjumbe akisikia. Nikiipeleka mimi watasema nimeiandika mwenyewe, au wataniita tena bibi aliyechanganyikiwa. Na hata kama wangeniamini, nilitaka itoke kwake. Nilitaka nijue nilimlea nani. Akaahidi. Aliapa kwa jina la mtoto atakayezaliwa. Akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, ule ule wa kushoto. Akala kidogo, akaondoka.

Alipotoka tu mdogo wangu akaweka mwiko mezani. Alikuwa hana hata hasira, alikuwa amechoka. Akasema, "Dada, umempa mara ya pili."

Shule ilifunguliwa tarehe nane. Bodi ilikaa tarehe kumi na moja, saa nne, najua kwa sababu nilivaa nguo ya kanisani nikakaa tangu asubuhi, nisije nikaitwa nikiwa na kanga. Saa kumi mwanangu wa mwisho, anayesoma pale kidato cha kwanza, akarudi, nikamuuliza kama kuna habari yoyote. Akasema makamu mpya amewahutubia mstarini kuhusu uaminifu katika mitihani, na maabara imefungwa mpaka apatikane mtu. Nikamwambia avue viatu akale.

Sasa hivi nashona vifungo kwenye nguo za mdogo wangu, na mambo yanakwenda. Kopo la biskuti bado liko juu ya kabati. Hakuna aliyelifungua, hata watoto.